Mashine ya chipsi na mafuta yake: maswali yenu na majibu

Mafuta yangu yanakuwa meusi siku ya pili tu. Nakaangia chipsi na kuku humo humo. Nimeuziwa mafuta mabovu? (Sinza)

Huenda mafuta hayana kosa, dada. Yanauawa na maji, chenga, chumvi na moto uliopita kiasi. Kuku wa unga na viungo ndiye mchafuzi mkubwa: chenga zake huzama chini na kuungulia hapo mchana kutwa. Ukiweza, kuku awe na mafuta yake. Viazi vikitoka kwenye ndoo visiingie vikichuruzika. Vitandaze kwenye kitambaa safi dakika kumi. Chumvi nyunyizia kwenye sinia, kamwe si juu ya mashine. Themostati ikae nyuzi 170 hadi 175, na wateja wakipungua ishushe hadi 120, kwa sababu mafuta ya moto yanachakaa hata kama hukaangi kitu. Halafu kila usiku yachuje. Kazi hiyo haifiki nusu saa, na hakuna jambo jingine litakalokuokolea pesa kuliko hilo.

Nibadilishe mafuta kila baada ya siku ngapi? (Mbagala)

Usihesabu siku, yatazame yenyewe. Tumbukiza chipsi chache. Mafuta mazima hutoa mapovu makubwa yanayopasuka hapo hapo. Yaliyochoka hutoa povu dogo dogo kama la sabuni, linapanda ukutani mwa tenki na halishuki hata ukitoa kapu. Dalili nyingine ni moshi wakati themostati inasoma 170, na tone linalovutika kama asali likidondoka kutoka kwenye upawa. Ukiona mojawapo, toa yote. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyokwisha ni hasara, maana ya zamani yatayaharibu mapya upesi. Kujazia ni kwa mafuta ambayo bado mazima na yamechujwa.

Ndani ya tenki kuna gundi ya kahawia, sabuni na maji ya moto haviitoi. (Tabata)

Gundi hiyo ni mafuta yaliyoshikana kwa joto na hewa. Alizeti huiacha nyingi kuliko mawese. Kisu hakifai, kitachora tenki na michoro itashika uchafu zaidi.

Zima, chomoa plagi, usubiri mafuta yafike vuguvugu la nyuzi 50 hivi. Yakiwa ya moto sana yatakuunguza na kuyeyusha dumu la plastiki. Yakipoa kabisa yanakuwa mazito na hayachujiki vizuri. Yapitishe kwenye chujio la waya lililotandikwa kitambaa, yaingie kwenye sufuria kavu. Futa chenga zote za chini.

Sasa jaza maji hadi alama ya chini ya mafuta, usizidishe, kwa kuwa yatatoa povu. Tia magadi soda vijiko viwili vya chakula kwa kila lita. Tenki likiwa la alumini magadi yatalila, basi tumia sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Washa, na maji yakianza kuchemka yaache yatokote polepole dakika 20 huku umesimama hapo. Povu likipanda zima, likishuka washa tena. Zima, chomoa, yapoe, ndipo usugue kwa brashi ya plastiki. Gundi inatoka kwa vipande laini kama ngozi ya maziwa. Koili isugue kwa mswaki wa zamani. Ubavuni mwake kuna mrija mwembamba wa themostati: ukiupinda, au ukiung'oa kwenye kishikio chake, mashine itasoma joto la uongo. Kichwa chenye swichi kisiguse maji, kifute kwa kitambaa chenye unyevu tu.

Suuza mara tatu. Suuzo la pili litie siki, nusu kikombe kwa tenki la lita sita, kwa sababu mabaki ya magadi au sabuni yatayafanya mafuta mapya yatoke povu siku ya kwanza.

Kisha kausha, na hapa tunawasihi msiwe na haraka. Futa, fungua koki, acha mashine wazi usiku kucha. Maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700. Kijiko kimoja kilichojificha kwenye koki kinatosha kurusha mafuta ya moto usoni mwa mpishi.

Baada ya kuosha, mashine haiwaki kabisa. (Kimara)

Angalia nyuma au chini ya kichwa: mashine nyingi zina kitufe kidogo cha usalama kinachoruka joto likizidi. Ikipoa, kibonyeze mpaka usikie mlio. Kikigoma, huenda koili imeungua kwa kuwashwa bila mafuta. Hutokea umeme ukikatika, mtu anamwaga mafuta bila kuchomoa plagi, umeme unarudi. Kagua na plagi. Mashine ya wati 3,000 huvuta ampea 13, ambazo ekstensheni nyembamba haiwezi kuzibeba, itayeyuka.

Jirani ananishauri nichanganye mafuta ya transfoma, eti hayachakai. (Manzese)

Kataa, kaka. Yale ni mafuta ya mitambo, siyo chakula, na yaliyotoka kwenye transfoma za zamani yanaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Unayemuuzia sahani ile anakuamini.

Mafuta machafu niyamwage wapi? (Tandika)

Si kwenye sinki, yataganda na kuziba bomba. Si kwenye mtaro pia, maana yatashikana na taka, na masika yakija maji yatarudi mlangoni kwenu. Yapoze, yatie kwenye dumu lenye kifuniko, uandike ubavuni kwamba hayaliwi, kisha umtafute mtengeneza sabuni. Usimuuzie mama lishe mwingine hata akikuomba kwa bei nzuri. Yakiwa machache, yachanganye na vumbi la mbao mpaka yanyonywe yote, funga kwenye mfuko, uyatoe pamoja na taka.