Kanuni Itangulie: Ninavyotunga Sudoku Zisizo za Kawaida

Wiki hii fumbo langu la sudoku lenye miduara limefumbuliwa na watu ambao kwa miaka nimewahesabu kuwa walimu wangu, na mmoja wao akaandika kwamba tangu mwaka uanze hajaona mlango (njia ya kuingilia fumbo) mzuri kama wa fumbo hili. Ujumbe huo nimeusoma na kuurudia. Siku hiyohiyo msomaji mmoja akaniuliza: "Kufumbua najua, lakini kila nikitunga yangu yenye kanuni za kipekee inaishia kuwa vurugu. Wewe huanzia wapi?" Namjibu hapa mbele ya wote, maana najua wengi wenu mnatamani kitu kilekile: gridi yenye jina lako ambayo mtu hawezi kuiacha mpaka aimalize.

Huanzia kwenye kanuni. Tarakimu huja mwisho kabisa, tena zikihitajika.

Fikiria sudoku ya kawaida: gridi ya visanduku 81, ambamo kila safu, ya mlalo au ya wima, na kila boksi la visanduku tisa (3 kwa 3) hubeba tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin walithibitisha kwa kompyuta kwamba haiwezi kuwa na jibu moja tu ikiwa na tarakimu za kuanzia, yaani zilizoandikwa tayari kwenye gridi, pungufu ya 17. Sasa fikiria fumbo la mtunzi Mitchell Lee lililosambaa Mei 2020, lile ambalo Simon Anthony wa chaneli ya YouTube ya Cracking the Cryptic alilifumbua mbele ya kamera huku akiwa haamini macho yake. Lilikuwa na tarakimu mbili tu, 1 na 2. Kanuni zilisema hivi: tarakimu zinazofanana zisiwe umbali wa hatua moja ya mfalme wa sataranji (visanduku vinavyogusana, hata kwa kona), wala hatua moja ya farasi (visanduku viwili mbele na kimoja kando), na visanduku vinavyopakana kwa ubavu visiwe na tarakimu zinazofuatana. Basi. Kazi ambayo zingeifanya tarakimu zisizopungua kumi na tano ilifanywa na sentensi hizo chache. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya utunzi.

Nusu nyingine ni mlango, yaani hatua ya kwanza ambayo mfumbuaji hawezi kuiona asipoitafakari kanuni yenyewe. Acha nieleze mlango wa fumbo langu, kwa kuwa wengi mmeuliza na kwa kuwa naupenda.

Kanuni ni hii: tarakimu iliyo ndani ya mduara inataja idadi ya miduara, katika gridi nzima, yenye tarakimu hiyo. Ukikuta 3 ndani ya mduara, miduara yenye 3 ni mitatu, haizidi wala haipungui. Sikuibuni mimi, watunzi wameitumia sana. Lakini kaa nayo kwanza kabla hujachora chochote. 1 ikiwamo inachukua mduara mmoja, 2 ikiwamo inachukua miwili, na kuendelea. Maana yake idadi ya miduara yote ni lazima ilingane na jumla ya tarakimu zilizomo, kila moja ikihesabiwa mara moja. Miduara ikiwa 10, inaweza kuwa na 1 na 9, au 2 na 8, au 1, 4 na 5. Njia zote ni tisa, na mfumbuaji hana pa kushika.

Sasa chukua minne kati ya hiyo kumi uiweke ndani ya boksi moja. Boksi halirudii tarakimu, kwa hiyo miduara hiyo minne inadai tarakimu nne tofauti. Tano haziwezekani, kwa sababu hata zile ndogo kabisa zinafika 15. Na tarakimu nne tofauti zinazotimiza 10 ni 1, 2, 3 na 4, hakuna nyingine. Njia tisa zimebaki moja, na hatujaandika tarakimu hata moja kwenye gridi! Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumba.

Tuendelee. Boksi lile limechukua moja ya kila aina. Miduara sita iliyobaki ina 2 moja, 3 mbili na 4 tatu. Nikaigawa miwiliwili katika maboksi matatu mengine, na hapo 4 zikakosa uhuru: ziko tatu, maboksi ni matatu, hakuna boksi linaloweza kubeba mbili. Kila jozi ina 4 moja. Ila ni mduara upi kati ya ile miwili?

Hapo ndipo nilipoleta kanuni ya pili, ule mstari unaojulikana kama mnong'ono wa Kijerumani: tarakimu mbili zinazopakana mstarini zipishane kwa 5 au zaidi. Kwenye mstari kama huo 5 haina pa kukaa, na 4 haikubali jirani yeyote isipokuwa 9. Nikapitisha mstari moja kwa moja, ukiwa umenyooka, katikati ya mduara mmoja wa jozi. Mduara huo ungekuwa na 4, majirani zake wawili wangekuwa 9 wote katika safu moja, jambo lisilowezekana. Basi 4 ni ya mduara wa pili, na huo nikauweka kwenye ncha ya mstari mwingine ili 9 ifuate palepale. Kanuni ya kwanza ikamkabidhi mfumbuaji kwa ya pili.

Nisisitize hapa. Kanuni ya pili iingie kwa sababu ya kwanza imefika mahali inamhitaji mwenzake. Naona gridi nyingi siku hizi zenye vizimba vya jumla, vipimajoto, mishale, nukta nyeupe na nyeusi (kila alama na kanuni yake), vyote pamoja, na ukiangalia vizuri kila kimoja kimewekwa kuziba pengo la kingine. Hiyo si sudoku ya kipekee. Ondoa kitu kimoja kimoja uone kama fumbo linasimama. Likisimama bila hicho, hakikuwa na kazi.

Sehemu ya kujaza gridi iliyobaki sitaisimulia. Ni subira tu, na kila mmoja wenu anaijua.

Nitasimulia jingine ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma niliweka hadharani fumbo la mistari, na mtunzi mwenye jina kubwa akaandika mbele ya watu kwamba ni la kubahatisha. Halikuwa la kubahatisha. Kila safu ina jumla ya 45, na mlango ulikuwa hapohapo kwenye hesabu hiyo, kwa yeyote ambaye angejumlisha. Hakujumlisha. Wengine wakamfuata, nalo likazikwa. Tangu hapo huwa naandika hatua zote za ufumbuzi kwa maneno kabla ya kuchapisha, mstari kwa mstari, na nakuomba ufanye vivyo hivyo. Siku utakapoambiwa unabahatisha utakuwa na jibu mkononi.

Na andika kanuni zako kikamilifu. Je, tarakimu zinaweza kurudiwa kwenye mstari? Je, 0 inaruhusiwa? Je, miduara yote imechorwa, au mingine imefichwa? Mfumbuaji anayelazimika kukisia nia yako ameshaonewa kabla hajaanza. Halafu tafuta mtu asiyekudai wala usiyemdai, mpe fumbo, unyamaze. Programu itakuambia kama jibu ni moja, na hilo ni la lazima, usichapishe bila kulihakiki. Lakini programu hujaribu kila njia kwa kasi isiyojua uzuri. Haiwezi kukuambia kwamba kisanduku cha katikati kinamchosha mtu. Binadamu atakuambia hata kwa kukaa kimya muda mrefu.

Msomaji wangu aliuliza pia kama ni aibu kuweka tarakimu za kuanzia. Si aibu. Fumbo langu la wiki hii lina moja, 7. Programu ilinionyesha majibu mawili yaliyotofautiana kwa visanduku vichache tu pembeni, vilivyokuwa vikibadilishana tarakimu. Ningeweza kuongeza mstari, lakini mstari ule ungepita karibu na boksi la miduara minne na kumpa mfumbuaji njia ya mkato. Kwa hiyo niliiandika ile 7 kwenye kona ya mbali, ambako haimsaidii mtu yeyote mpaka awe ameshapita mlangoni.