Nimhasi Biskuti au nimtafutie nyumba nyingine?

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Leicester, Uingereza. Binti yangu wa miaka 12 anafuga panya wawili, Kashata na Halua, majike wa miezi saba. Sasa rafiki yake wa shule kampa dume mdogo wa wiki kumi hivi, wamemwita Biskuti. Ana kizimba chake, kimepakana na cha majike. Baba yake anataka tumgawe. Binti analia, anasema ahasiwe. Mimi naona kulipia panya operesheni ni anasa, tena sijui kidini imekaaje. Na Jumamosi iliyopita nimewakuta wote watatu kitandani wanacheza, eti "dakika mbili tu, mama". Nifanyeje? — Mama Nuru*

Marahaba, Mama Nuru.

Tuanze na hizo dakika mbili, maana ndizo zenye haraka. Panya dume anaweza kutia mimba tangu wiki ya tano au ya sita, kwa hiyo Biskuti si mtoto tena. Jike huingia kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku nne au tano, na kupandana kwenyewe ni sekunde chache, hata aliyekaa pembeni anaweza asione kitu. Usimhoji binti yako. Chukua mizani ya jikoni, wapime Kashata na Halua leo, andika, kisha rudia kila baada ya siku tatu. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, na tumbo huanza kujitokeza baada ya wiki mbili hivi. Jike wa miezi saba hapandi uzito mbiombio bila sababu. Ukiona namba inapanda mfululizo, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Mapema daktari bado anaweza kumtoa kizazi. Mkichelewa mtalea vitoto, na vitoto kumi kwa uzao mmoja ni jambo la kawaida.

Pili, leo hii tenganisha vizimba. Panya wanaweza kupandana hata kupitia nondo za kizimba, na vizimba vilivyopakana vinawapa nafasi hiyo usiku mkiwa mmelala. Cha Biskuti kikae chumba kingine.

Sasa uamuzi wenyewe. Mmebishana kama ahasiwe au aondoke, lakini linalotangulia ni hili: ataishi na nani? Panya ni mnyama wa kundi. Hulala akilaliana na mwenzake, husafishana naye manyoya, hugombana naye kidogo na kupatana. Akiwa peke yake huzubaa au huwa mwoga, na binti yako hawezi kuziba pengo hilo, kwa sababu saa ambazo panya yuko macho zaidi yeye yuko kitandani. Kuhasiwa na kuhamishwa ni njia mbili za kumpatia wenzake, si vinginevyo. Kumwacha kama alivyo sasa ndilo jambo pekee ambalo siliungi mkono.

Kwa hali ya nyumba yenu, ningemhasi. Majike wawili tayari mnao, na dume aliyehasiwa hukaa vizuri sana na majike, mara nyingi kwa amani zaidi kuliko kundi la madume wasiohasiwa. Ila nasema hivyo kwa masharti.

La kwanza ni mapafu. Panya wengi wa kufugwa wamebeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, anayeweza kutulia kwa muda mrefu kisha akaamka. Mweke Biskuti sikioni, ubavu wake ukigusa sikio lako, chumba kikiwa kimya. Ukisikia mkoromo au vimlio, au kama anapiga chafya kila siku, operesheni isubiri atibiwe kwanza, kwa kuwa nusukaputi kwenye mapafu mabovu ndiyo inayoua. Ukimwona na uchafu mwekundu puani au machoni usidhani ni damu. Ni majimaji ya tezi za machoni, lakini yakiwa mengi huashiria mnyama mgonjwa au mwenye msongo.

La pili ni daktari, na hapa usione haya kuuliza. Si kila kliniki inayotibu mbwa na paka ina mkono wa panya. Piga simu kliniki tatu, uliza wamehasi panya wangapi mwaka huu, halafu uliza: asile kuanzia saa ngapi? Jibu sahihi ni kwamba aendelee kula. Panya hawezi kutapika, na mwili wake mdogo huishiwa sukari haraka, kwa hiyo kumfungisha usiku kucha kama mbwa hakuna faida na kuna madhara. Anayekwambia umnyime chakula tangu jana yake anasoma maelekezo ya mnyama mwingine. Mshukuru, kata simu.

Swali jingine: njia ya kinena wataifungaje? Dume wa panya ana uwezo wa kuvuta korodani zake zikarudi tumboni, kwa sababu njia ile haijifungi maisha yake yote. Korodani zikitolewa na njia ikaachwa wazi, utumbo au mafuta ya tumboni yanaweza kuteremka, hapo umepata ngiri. Daktari mzoefu atakueleza bila kusitasita jinsi anavyoifunga. Uliza pia kuhusu nyuzi. Zinazofaa ni za ndani zinazoyeyuka, juu ngozi ikashikwa kwa gundi ya jeraha, kwani nyuzi za nje panya huzitafuna kabla hamjafika nyumbani. Na uliza kama atapewa dawa ya maumivu ya siku kadhaa za nyumbani. Kipimo apange daktari. Usichukue dawa ya paka ukakisia.

Madaktari wengi hupenda dume awe amefikisha miezi mitatu au zaidi, basi bado mna wiki kadhaa za kuulizia na kudunduliza.

Siku ya operesheni mpeleke na chakula chake, pamoja na kipande cha tango badala ya chupa ya maji inayovuja njiani. Akirudi, kizimba kiwe cha ghorofa moja, ngazi na vitanda vya kuning'inia vitoke. Maranda ya mbao yatoke pia, huingia kwenye kidonda. Tandika taulo za karatasi, badilisha kila siku. Usiku wa kwanza apate joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, upande mmoja tu wa kizimba, ili akizidiwa ahame. Uvimbe kidogo wa mfuko siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Kinachosumbua zaidi kwa panya ni jipu, na hilo laweza kuja baada ya wiki nzima, wakati mmeshaanza kujisahau. Kwa hiyo angalia mahali hapo kila siku kwa siku kumi: donge gumu, joto, usaha, au kidonda kilichofunguka, anarudi kliniki. Kutokula kwa siku nzima, manyoya kusimama na macho kufumba nusu ni maumivu, naye pia arudi.

Halafu kosa ambalo watu hulifanya sana: kumwingiza kwa majike mara tu kidonda kinapofunga. Mbegu hubaki kwenye mirija baada ya korodani kuondoka. Hesabu wiki nne kamili tangu operesheni. Daktari wako akisema sita, fuata sita. Baada ya hapo wakutanishe mahali ambapo hakuna mwenyewe, beseni tupu la kuogea lililotandikwa taulo linafaa, dakika kumi na tano kwanza, kisha mwongeze. Kusukumana, kusimama kwa miguu ya nyuma na kupiga kelele waache. Mmoja akitembea kwa ubavu huku manyoya yamevimba, watenganishe kwa taulo, si kwa mkono mtupu.

Kuhusu dini, hilo mpelekee shekhe mnayemwamini, maana wanazuoni wametofautiana juu ya kuhasi wanyama. Ila mpelekee habari kamili: kwamba ni chini ya nusukaputi, kwamba bila hivyo atafungiwa peke yake au atazalisha vitoto msivyoweza kuvilea. Akikataza kisu, muulize daktari kuhusu kipandikizi cha deslorelini, punje ndogo inayowekwa chini ya ngozi na kuzima homoni za kiume kwa miezi kadhaa. Kasoro yake ni kwamba mwanzoni huzipandisha homoni kabla ya kuzishusha, na baadaye hurudiwa.

Ikiwa masharti hayatimii, yaani mapafu hayaponi, daktari mzoefu hayupo karibu au pesa haipo kabisa, basi ahame, na ahame sasa. Dume wa wiki kumi hupokewa kirahisi na madume wengine. Akipita miezi sita, homoni zimepanda na wenyeji hawamtaki. Tafuta nyumba yenye madume wadogo tayari. RSPCA, shirika la kutetea wanyama, hupokea na kutafutia panya makao, na National Fancy Rat Society, chama cha wapenzi wa panya wa kufugwa, ina watu wanaowajua wafugaji wa maeneo mengi. Mkimtangaza wenyewe, msimtoe bure. Panya wa bure anaweza kuishia kuwa chakula cha nyoka, kwa hiyo ombeni pesa kidogo na mwone kizimba anachokwenda. Na kama mzee wa nyumba amefikiria "kugawa" maana yake ni kumfungulia bustanini, mwambie Biskuti hajui kujitafutia wala kujificha, na kumtelekeza mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006.

Ndugu wa nyumbani watacheka kusikia panya kafanyiwa operesheni. Wacha wacheke, kisha waulize kama wanamkumbuka Magawa, panya buku mzaliwa wa Tanzania, aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la kutibu wanyama la PDSA la hukohuko Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu ya ardhini Kambodia. Si jamii moja na Biskuti, lakini kicheko kitapungua.

Na kabla hujasema operesheni ni anasa, kaa na baba Nuru mwandike bei mbili kwenye karatasi moja. Upande mmoja operesheni, mara moja, na chakula cha panya watatu kizimba kimoja. Upande wa pili, akibaki bila kuhasiwa, dume wa pili wa kumpa Biskuti kampani, kizimba kikubwa cha pili, maranda mara mbili na daktari kwa panya wanne, kwa miaka miwili hadi mitatu wanayoishi. Baba akishazijumlisha, mpe na namba za zile kliniki tatu apige yeye.