Muwasho na harufu sehemu za siri kwa vijana wa kiume: tazama kwanza panapowasha, ndipo utafute dawa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una miaka 21, kwamba mikunjo ya mapaja inakuwasha hadi unakosa usingizi, na kwamba ikifika jioni unasikia harufu inayokufanya ukae mbali na wenzako. Umesema pia kwamba unajiosha mara tatu kwa siku kwa sabuni ya dawa na kupaka krimu uliyopewa na rafiki, ambayo hutuliza kwa siku chache kisha hali inarudi ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo nimewahudumia vijana wa kiume, kwa hiyo maelezo kama yako nimeyasikia mara nyingi. Nitajibu kwa urefu kwa sababu sabuni hiyo na krimu hiyo, ambazo unazitumia kwa nia njema, huenda ndizo zinazokizuia kinena chako kupona.

Nianze na harufu, kwa kuwa ndiyo inayowatia vijana aibu zaidi. Mtu anapobalehe, ngozi ya kinena, kama ya kwapa, huanza kutoa jasho la aina ya pekee kutoka kwenye tezi zilizokuwa zimelala tangu utotoni. Jasho hilo lenyewe halinuki sana, bali harufu hutokea pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi wanapolivunjavunja. Mwanamume mwenye afya kamili huwa na harufu fulani huko baada ya siku ya joto au mazoezi, na hilo si ugonjwa. Kwa asiyetahiriwa, chini ya govi hukusanyika utando mweupe wa seli za ngozi zilizokufa na mafuta, ambao usipooshwa hunuka na kuchubua. Matone ya mkojo yanayobaki kwenye nguo ya ndani nayo hunuka, hivyo subiri kidogo baada ya kukojoa na ujikaushe kabla ya kuvaa. Kinachostahili kukushtua ni harufu mpya inayoandamana na usaha, kidonda, maumivu ya kukojoa au ngozi inayovuja majimaji.

Kuhusu muwasho, swali la kwanza ninalomuuliza kijana ni mahali hasa panapowasha. Kwako ni mikunjo ya mapaja. Kaa penye mwanga wa kutosha, shika kioo, kisha tazama ukingo wa eneo lenyewe. Fangasi wa kinena huanzia kwenye mkunjo na kuenea kuelekea ndani ya paja kwa umbo la nusu duara. Ukingo wake huwa umeinuka kidogo, una magamba, na rangi yake imekolea kuliko katikati, ambapo ngozi huonekana kana kwamba imeanza kupona. Kwenye ngozi nyeusi usitarajie wekundu unaochorwa vitabuni, kwani mara nyingi utaona weusi uliokoza au rangi ya kijivu. Mfuko wa korodani kwa kawaida husalimika. Ukiona mfuko wenyewe umevimba, umelowa, na pembeni kuna vipele vidogovidogo vilivyotawanyika, basi kandida, aina nyingine ya fangasi, ndiyo inayoshukiwa zaidi. Mabaka bapa ya kahawia yasiyowasha sana, na yasiyosikia dawa ya fangasi, huweza kuwa ya bakteria, na hayo yanahitaji antibiotiki atakayoiandika tabibu.

Baada ya hapo vua soksi. Wengi hushangaa ninapowaomba kufanya hivyo, lakini nikitenganisha kidole cha nne na cha tano mara nyingi ninakuta ngozi nyeupe iliyolowa, yenye mpasuko katikati, na harufu yake. Fangasi wa miguu na wa kinena mara nyingi ni walewale. Nguo ya ndani inapopitishwa miguuni huwazoa na kuwapandisha, na taulo moja linalofuta mwili mzima hufanya kazi hiyohiyo. Tibu sehemu zote mbili kwa pamoja, vaa soksi kabla ya nguo ya ndani, na miguu uifute kwa taulo lake.

Dawa za kupaka zinazofaa kwa fangasi wa kinena ni kama klotrimazoli au terbinafini. Terbinafini kwa kawaida hupakwa kwa wiki 1 hadi 2. Klotrimazoli huchukua muda mrefu zaidi, na inafaa kuendelea nayo kwa wiki 2 baada ya ngozi kuonekana safi. Paka ukivuka ukingo kwa sentimeta 2 hivi, kwa sababu fangasi wameshafika mbele ya pale jicho linapoona. Wanaoacha muwasho unapoisha ndio wanaorudi kulalamika kwamba dawa ni dhaifu.

Krimu ya rafiki yako ndiyo inayonitia wasiwasi. Kijana mmoja alikaa mbele yangu akieleza habari za kichwa kuuma, mkono mmoja ukiwa mfukoni muda wote, hadi alipotoa tyubu iliyokamuliwa na kukunjwa mpaka shingoni, maandishi yake yamefutika kwa jasho, akaiweka mezani bila kusema neno. Herufi zilizosalia zilitosha kuonyesha kwamba ilikuwa na steroidi kali. Geuza tyubu yako usome maandishi madogo ya viambato: ukikuta betamethasoni au klobetasoli, hata ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi, acha kuipaka kinenani mpaka tabibu aione. Steroidi hupunguza uvimbe, ndiyo maana muwasho hutulia upesi, lakini wakati huohuo hudhoofisha kinga ya ngozi, nao fangasi huendelea kuenea kimyakimya. Ule ukingo unaosaidia kuutambua ugonjwa hufifia, na hata mtaalamu hupata shida kuujua. Ikipakwa kwa muda mrefu mikunjoni, ngozi hukonda na kupasuka michirizi isiyofutika. Ukiiacha, muwasho unaweza kuongezeka kwa siku kadhaa, na hali hiyo isikurudishe kwenye tyubu.

Sabuni nayo ipunguze. Ngozi ya uume na korodani ni nyembamba, na kusuguliwa kwa sabuni ya dawa mara tatu kwa siku kunatosha peke yake kuleta muwasho, ukavu na mipasuko. Oga mara moja kwa siku, na tena baada ya kutoka jasho jingi, kwa maji ya uvuguvugu; sabuni laini isiyo na manukato inatosha kwenye kinena, na chini ya govi maji matupu yanafaa zaidi. Ndimu, siki, spiriti, dawa ya meno na dawa za kusafishia sakafu visiguse huko kabisa. Nimefunga vidonda vilivyotokana na vitu hivyo, navyo vilikuwa na maumivu kuliko ugonjwa uliokuwa ukitibiwa. Jikaushe kwa kugusagusa mpaka mikunjo isiwe na unyevu, vaa nguo ya pamba isiyobana, ibadilishe kila siku, na unapoifua isuuze mpaka povu liishe. Nywele zipunguze kwa mkasi, maana wembe huacha vijeraha na vinyweleo vinavyoota kuelekea ndani.

Ikiwa kinachowasha ni kichwa cha uume na hujatahiriwa, vuta govi taratibu, suuza, kausha, kisha ulirudishe mahali pake. Govi lisilofunguka lisilazimishwe. Lililokwama nyuma ya kichwa na kuanza kuvimba ni dharura ya siku hiyohiyo. Kijana anayepata kandida ya kichwa cha uume mara kwa mara, hasa akiwa na kiu nyingi na kukojoa sana, ninamwomba apime sukari, kwa kuwa kisukari hujitambulisha kwa njia hiyo kwa baadhi ya watu.

Usaha kutoka kwenye njia ya mkojo au maumivu ya kukojoa hayatibiwi kwa kupaka. Kisonono na klamidia vinahitaji kipimo na dawa kamili, pamoja na kumtibu mwenzi. Kumeza vidonge vya kubahatisha ni hatari, kwani vimelea vya kisonono vimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi. Kidonda kisichouma kinaweza kuwa cha kaswende, na kitafunga chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele kwenye uume na katikati ya vidole vya mikono, huwa ni wa ugonjwa wa upele, unaoletwa na vidudu vidogo vinavyochimba ngozi, nao hautaisha mpaka mnaolala pamoja mtibiwe siku moja.

Wapo pia wanaoteseka bure. Vinundu vidogo laini vya rangi ya ngozi, vilivyopangika kwa mstari kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume, ni maumbile ya kawaida: haviambukizi, havinuki, na havihitaji dawa yoyote. Ninawasihi sana vijana wasivichome wala kuvikata.

Korodani moja ikianza kuuma ghafla na kwa ukali, hata usiku wa manane, usingoje kupambazuke. Huenda imejisokota, na saa 6 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa ya kuiokoa.

Ikiwa baada ya wiki 2 za dawa sahihi huoni nafuu, nenda kituo cha afya. Mpokeaji anayekuuliza shida yako mbele ya watu mjibu tu kwamba unataka kumwona tabibu faraghani. Hilo ni haki yako na hakuna lazima ya kueleza zaidi. Usipake kitu chochote asubuhi hiyo, kwa sababu huenda magamba yakakwanguliwa ili yatazamwe kwa hadubini. Ikiwa una usaha, usikojoe kwa saa 1 au 2 kabla ya kipimo. Chukua pia tyubu zote ulizowahi kutumia, hata zile tupu.