Mkate na dagaa, msinicheke kwanza

Najua mtu akisikia mkate na dagaa anakunja uso, hata mdogo wangu alikunja, sa hivi ndo ananimalizia. Ilianza siku moja ya mvua hapa Kirumba, Mwanza, umeme umekatika, nguvu ya kusonga ugali sina, kabatini kuna slesi nne za jana na bakuli la dagaa wa kukaanga waliobaki usiku, nikasema liwalo na liwe. Nikapaka Blue Band, nikamwaga dagaa, ndimu, pilipili mbuzi kidogo, nikafunika na slesi nyingine nikagandamiza na kiganja. Aisee. Mkate laini, halafu ndani wanavunjika kwa kelele, chai ya rangi ya tangawizi pembeni, mvua inapiga bati, simu hata siigusi.

Sasa shida sio mkate, shida ni dagaa wenyewe. Mi nilishaingia mkenge, nilienda soko la samaki la Mwaloni nikabeba sado, kile kindoo cha kupimia, ya bei chee nikajiona mjanja, kufika home tafuno la kwanza nasikia ka natafuna barabara. Walianikwa chini mchangani wale. Wa kuanikwa juu kwenye chanja bei imechangamka kidogo ila ndo wa kununua. Kwa hiyo ukifika usione haya, chukua wachache uwasugue kiganjani uone kinachodondoka, muuzaji akinuna mwache anune. Angalia na rangi, wazuri wanang'aa ka fedha, wakishakuwa wa njanonjano na harufu ya mafuta yaliyochacha hao wamekaa sana. Na pigia hesabu mwezi pia, maana dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, wavuvi wengi wanapumzika, bei inapanda na wa zamani nao wanaitwa wa jana.

Vichwa na utumbo toa, ule uchungu watu wanaolalamikia uko humo. Ndio, inachosha, mi nakaa na beseni huku naangalia mpira. Kuosha ni maji ya uvuguvugu mara tatu, ila usimimine kwenye chujio, waopoe kwa mkono mchanga ubaki chini, ukimimina umewarudishia mchanga wao uleule. Waache wakauke kabisa ndo uwatie kwenye mafuta ya moto, na usikae unasubiri wawe kahawia, wakianza tu kulia ukiwakoroga ka majani makavu epua, chumvi mwishoni.

Mkate usiuchome, ukiwa mgumu na dagaa wagumu unaumia fizi bure. Kitunguu poa, kikatwe chembamba. Nyanya hapana kabisa. Mdogo wangu anaweka nyanya, mkate unaloa mpaka dagaa wanamdondokea kwenye khanga, anawaokota mmojammoja na bado anabisha.