Fuwele za dhahabu zimelowa: zitupwe au bado zinafaa?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa kemia, Dar es Salaam. Tulinunua gramu 1 ya asidi ya tetrakloroauriki (HAuCl₄·3H₂O), usafi asilimia 99.99, ya kutengenezea chembe nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) za dhahabu. Nimeitumia mara chache tu, lakini fuwele zimelowa na kushikana, shingo ya chupa ina doa la zambarau, na kijiko cha chuma cha pua ninachochotea kimeingia weusi. Je, imeharibika? Na niihifadhi vipi?

Jibu: Usiitupe. Dhahabu karibu yote bado imo chupani, ila mizani sasa haiwezi kukuambia ni kiasi gani. Kampaundi hii hunyonya unyevu upesi sana, na kwa hewa ya pwani dakika chache za kifuniko wazi zinatosha. Fuwele kavu ni dhahabu kwa nusu ya uzito wake (196.97 kwa 393.83). Ukipima miligramu 10 za tope ulilonalo, sehemu yake ni maji tu, na mmunyo wako utakuwa mwepesi kuliko ulivyoandika daftarini. Ile 99.99 ya kwenye lebo kwa kawaida huhesabu metali nyingine zilizomo. Maji hayahesabiwi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kijiko. Chuma, hata cha pua, huipa dhahabu elektroni: dhahabu inarudi kuwa metali, nao ndio ule weusi, huku chuma chenyewe kikiyeyukia kwenye fuwele. Yaani mmelipia usafi wa hali ya juu kisha mkatia uchafu kwa mkono wenu. Tumia kijiko cha plastiki au cha kioo. Doa la zambarau nalo ni chembe nano zilizojitengeneza zenyewe, kwa mwanga au vumbi. Doa hilohilo litakutokea kwenye vidole usipovaa glavu, na sabuni haitalitoa.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa kupima kidogo kidogo. Chupa mpya ikifika, iyeyushe yote siku hiyohiyo: suuza chupa mara kadhaa kwa maji safi kabisa, mimina yote kwenye chupa ya ujazo ya mililita 100, kisha jazia hadi alama. Utapata takriban milimola 25.4 kwa lita. Mililita 1 ya mmunyo huo ikizimuliwa hadi 100 inakupa karibu milimola 0.25 kwa lita, kiwango kinachofaa kwa njia ya Turkevich ya mwaka 1951, ambayo hutumia sitrati kugeuza dhahabu iliyoyeyuka kuwa chembe nano. Hifadhi mmunyo mzito tu, uzimue siku ya kazi. Ukiwa mzito una asidi yake ya kutosha, lakini ukizimuliwa na kukaa, maji huanza kung'oa kloridi na kuweka hidroksidi mahali pake, na matokeo yanabadilika wiki hadi wiki.

Uweke kwenye chupa ya kioo cha kahawia yenye kifuniko cha plastiki kisicho na metali ndani, kwenye friji. Karatasi ya alumini ifungwe nje tu! Kama lazima ubaki na fuwele, ziweke kwenye desiketa (chombo kinachofungwa, chenye kikausha unyevu ndani) gizani. Zikitoka kwenye baridi, ziache zifikie joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo umande utaingia.

Hiyo uliyonayo iyeyushe pia, uichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22, kisha pima dhahabu kwa mashine ya AAS, inayopima metali kwa mwanga inaoufyonza, kwenye mstari wa mwanga wa nanomita 242.8. Itafaa kwa mazoezi. Kwa kazi ya kuchapisha, hapana, kwa sababu ya kile chuma.

Hukuuliza kuhusu mabaki, ila sikuachi bila kulisema hili. Dhahabu na amonia haviwekwi pamoja, hata kwa sabuni ya vioo yenye amonia. Hutokea dhahabu fulminati, unga ambao ukikauka hulipuka kwa kusuguliwa tu. Mabaki ya dhahabu yawe na chupa yake yenye lebo. Vyombo vioshwe kwa akwa rejia (asidi haidrokloriki 3 kwa nitriki 1) ndani ya kabati la kuvutia hewa, iliyochanganywa wakati huohuo, na usiifunge kwenye chupa hata usiku mmoja.