Paris na London kwa kibali cha Ujerumani

Ndugu, umeuliza kama kibali chako cha masomo cha Ujerumani kinatosha kwenda Paris na London kwa treni. Paris, ndiyo: beba pasipoti yenyewe na kadi ya kibali, si picha kwenye simu. Katika nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye eneo moja la kusafiri, Ufaransa ikiwemo, unaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180.

London hapana. Kwa pasipoti ya Tanzania utahitaji viza ya Uingereza, tena uiombe kabla ya kukata tiketi, maana ukaguzi wa pasipoti na viza hufanyika Gare du Nord, kituo cha treni cha Paris, kabla hujapanda. Usipokuwa nayo safari inaishia hapo.

Kuhusu tiketi: ukiishi Ulaya nunua Interrail, pasi moja ya treni za nchi nyingi, si Eurail, ambayo ni ya wasioishi Ulaya. Kiti cha TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, hulipiwa kando, na nafasi za wenye pasi hiyo huisha upesi.