Injini ya Fireball Roberts ilivyokosesha ubingwa, Hillsboro 1950

SWALI: Katika mbio za mwisho za msimu wa 1950 wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, Bill Rexford aliyeongoza kwa pointi alitoka mapema. Fireball Roberts akahitaji nafasi ya tano tu ili awe bingwa, lakini injini yake ikafa. Gari lake, Oldsmobile 88, lilikuwa na nguvu kuliko magari mengi. Injini kama ile hunokije, yaani huharibikaje ikiwa mbioni?

JIBU: Hunoki kwa kukanyagwa bila kupumzishwa. Mbio zile, za tarehe 29 Oktoba, zilikuwa uwanja wa Occoneechee, Hillsboro, North Carolina, kwenye njia ya vumbi ya takriban maili moja. Kwa urefu huo dereva hukanyaga mpaka mwisho kwa muda mrefu kila mzunguko.

Injini ya 88 ilikuwa V8 ya lita 5, yenye nguvu farasi 135 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika. Ukipita hapo nguvu haiongezeki, ila konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankshafti, mhimili mkuu wa injini) zinavutwa zaidi, na mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili: kutoka 3,600 hadi 4,000 unaongezeka kwa asilimia 23 hivi. Mzigo wote huo unabebwa na beringi za konrodi.

Sasa ongeza kona. Gari linakata kushoto tu, oili inakimbilia upande wa kulia wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inanyonya hewa. Presha ya oili inashuka wakati uleule dereva anapofungua mafuta kutoka kwenye kona. Beringi ikikauka hata kidogo inapata moto, inayeyuka, konrodi inakatika na kutoboa bloku. Dalili yake ni mshale wa presha kushuka kwenye kona na kurudi kwenye mnyoofu. Kuzidisha oili kama nusu lita juu ya alama husaidia. Ukizidisha sana krankshafti inaipiga hadi itoe povu, na povu halilainishi kitu. Pia tope huziba rejeta (kipoza maji ya injini), kwa hiyo funga wavu wa waya mbele yake.

Kwa nafasi ya tano, ilitosha kuachia mafuta mapema kabla ya kila kona. Roberts alikimbia kutafuta ushindi, akamaliza msimu na pointi 1,848.5 dhidi ya 1,959 za Rexford.

Mshindi wa siku hiyo alikuwa Lee Petty, na Plymouth ya silinda 6 yenye nguvu farasi 97 tu. Huyu Petty alikuwa amenyang'anywa pointi 809 mwezi Julai. Angebaki nazo, ubingwa ungekuwa wake.